Kuoanisha Si Kuunganisha

Kijana wa nyumba ya jirani alinigongea jioni moja, hedfoni mkononi, akiwa amekwisha kutenga fedha za kununua nyingine. Taa ilikuwa inawaka, chaji imejaa, jina la hedfoni liko kwenye simu, ila muziki ulikuwa unatoka kwenye simu yenyewe. Alikuwa ameambiwa kwamba bodi imekufa. Nilikwenda naye mpaka sebuleni kwao, nikamuuliza nani mwingine pale nyumbani amewahi kuzitumia. Dada yake, akasema, wiki iliyopita, kwa masomo ya chuo. Dada alikuwa chumbani, kompyuta iko wazi mezani. Tulipozima Bluetooth ya kompyuta ile na kugusa jina la hedfoni kwenye simu ya kaka, sauti ikahamia masikioni mwake palepale.

Nimefanya kazi ya vifaa vya sauti kwa miaka mingi, na jambo hili linaniuma: watu wanatupa vitu vizima. Sehemu kubwa ya spika za masikioni zisizo na waya ninazoletewa hazijaungua wala kuvunjika. Zimekosana na simu tu, na mwenyewe hakuwahi kuelezwa zinavyoelewana.

Waliotafsiri simu za Android kwa Kiswahili walichagua neno kuoanisha, na sidhani kama lipo neno zuri kuliko hilo. Oa, oana, oanisha. Kuoanisha ni kufungisha ndoa. Hufanyika mara moja, na siku hiyo simu na hedfoni hutengeneza ufunguo wa siri, mfuatano wa sifuri na moja 128, kila upande ukabaki na nakala yake kama cheti. Zamani ilibidi uandike namba, mara nyingi 0000. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2007, vifaa hupatana vyenyewe kimyakimya. Kuunganisha ni jambo jingine kabisa. Huko ni kukutana kwa kila siku: hedfoni zinawaka, zinamtafuta mwenzao wa mwisho, vyeti vinalinganishwa, wimbo unaanza.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Mtu ananunua hedfoni, anaziwasha, anafungua simu na kuzitafuta nusu saa asizione. Kuziwasha hakutoshi. Hedfoni zilizowashwa tu humtafuta yule zinayemjua; hazijitangazi kwa mgeni. Ili zijitangaze, aghalabu unashikilia kitufe cha kuwashia sekunde tano hadi saba, unapita hatua ya kuwaka bila kuachia, mpaka taa ianze kupepesa kwa rangi mbili, mara nyingi buluu na nyekundu, au sauti itamke kwamba ziko tayari kuoanishwa. Zile ndogo za kwenye kikasha huingia hali hiyo ukifungua kifuniko mara ya kwanza, au ukishikilia kitufe cha kikasha. Hapo sasa nenda kwenye Mipangilio ya simu, uguse sehemu ya kuoanisha kifaa kipya. Ukiona jina lilelile mara mbili, moja likitanguliwa na herufi LE, chagua lisilo na herufi hizo. Lile lingine kwa kawaida ni la mawasiliano ya programu ya kampuni, wala halibebi muziki.

Kosa la pili ni cheti kupotea upande mmoja. Mtu ameambiwa afute kumbukumbu za hedfoni, kazifuta, lakini simu bado imeshika cheti cha zamani. Simu inabisha hodi, hedfoni hazimjui, mlango haufunguki, na kwenye kioo unaona neno la kuunganisha likija na kupotea. Dawa ni kuachana pande zote mbili. Kwenye simu gusa jina la hedfoni, uchague Sahau. Kisha futa kumbukumbu za hedfoni zenyewe kwa namna karatasi yake inavyoelekeza, kwani kila kampuni ina mtindo wake. AirPods za kikasha chenye kitufe nyuma, kwa mfano, zinahitaji kifuniko wazi na kitufe kushikiliwa kama sekunde 15, taa ikapepesa rangi ya kaharabu na kuishia nyeupe. Baada ya hapo oanisha upya kana kwamba zimetoka dukani leo. Nasisitiza pande zote mbili, maana watu wengi hufanya moja wakasema wamejaribu.

La tatu ni la yule kijana. Hedfoni nyingi hukumbuka vifaa kadhaa ila huongea na kimoja kwa wakati mmoja, na ukiziwasha hurudi kwa yule wa mwisho. Akiwa karibu, amekwisha kukuwahi. Kuna zinazoweza kushikana na viwili kwa pamoja, lakini hata hizo hucheza sauti ya kimoja. Kabla ya kumlaumu fundi au muuzaji, pita nyumbani ukague runinga, kompyuta ya ofisi na simu ya zamani ya watoto.

Spika ndogo za masikioni za bei nafuu zina tatizo lake la ziada, upande mmoja kuwa bubu. Vile vipande viwili ni vifaa viwili. Katika aina nyingi kimoja ndicho kiongozi, kinapokea kutoka kwenye simu na kumpasia mwenzake. Vikipoteana, simu huonyesha majina mawili, la kushoto na la kulia, na ukiunganisha moja unapata sikio moja. Yafute yote mawili kwenye simu, zima Bluetooth ya simu, vitoe vipande kwenye kikasha na kuvifuta kwa pamoja ili vioane vyenyewe kwanza. Simu ije baadaye.

Ila kabla ya kufuta chochote, tazama ndani ya kikasha. Ukikaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, jasho na hewa ya chumvi havikuachi. Chini ya kila kipande kuna vidoa vya chuma vinavyogusana na vipini vya kikasha ili chaji ipite. Chumvi ikijenga utando pale, kipande hakichaji. Lakini ubaya wake haukomei hapo. Kwa kuwa hakigusi, hakijui kama kimerudishwa nyumbani. Kinabaki macho ndani ya kikasha, kimeshikana na simu, mpaka kinakata moto. Asubuhi unakuta kushoto asilimia 100, kulia hakuna kitu, na unaamini betri imekufa. Chukua kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, si maji, usugue vidoa vile na vipini vyake, uache vikauke. Sijui kazi nyingine ya mezani kwangu inayorudisha uhai wa kitu kwa gharama ndogo namna hiyo. Na alama ya IPX4 isikudanganye: inazungumzia matone na jasho, haizungumzii kutumbukia majini, na mara nyingi haikihusu kikasha.

Upande ulio hai lakini wenye sauti ya mbali ni habari nyingine. Tazama wavu wa mdomo wa kipande kwenye mwanga. Kwa kawaida umezibwa na nta ya sikio. Elekeza wavu chini, upige kwa mswaki mkavu laini ili uchafu udondoke nje usizame ndani. Kama wavu ni safi, fungua sehemu ya mipangilio iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye mahitaji maalumu. Humo kuna kidude cha kusogeza sauti kushoto na kulia, na mara kadhaa nimekikuta kimeburutwa upande mmoja na kidole cha mtoto. Usitibu sauti hafifu kwa kuongeza sauti. Sikio la upande mzima ndilo litakalobeba ziada yote. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto 75, na kila desibeli chache zinazozidi zinaukata muda huo nusu.

Sasa sauti inayokatikakatika. Bluetooth, iliyoanza kwa wahandisi wa Ericsson kule Lund, Uswidi, na kupewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, husafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Ni njia ya bure isiyohitaji leseni, kwa hiyo imejaa. Wi-Fi ya zamani inapita humo, na jiko la maikrowevu huvuja kidogo humohumo. Ili kupenya, Bluetooth ya muziki hurukaruka kati ya njia ndogo 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa zile zenye kelele. Hufaulu kwa kiasi cha kustaajabisha. Kinachoishinda mara nyingi ni wewe mwenyewe. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunywa mawimbi ya masafa haya. Simu ikiwa mfuko wa nyuma kushoto na kipande kinachopokea kikiwa sikio la kulia, kiwiliwili chote kimekaa njiani.

Watu hunibishia hapo. Nyumbani, wanasema, simu inakaa mfuko uleule na sauti haikatiki, mbona nikitembea ufukweni Coco inakatika? Ni kwa sababu nyumbani kuna kuta. Wimbi linagonga ukuta, dari na kabati, linarudi na kukufikia sikioni kwa kuzunguka. Ufukweni hakuna cha kulirudisha. Limetoka, limekwenda baharini. Ndiyo maana hedfoni zinazofika chumba cha pili zinaweza kushindwa mita moja ya mwili wako uwanjani. Hamisha simu iwe mfuko wa mbele au wa kifuani, upande wa kipande kiongozi. Nyumbani, kama kisambaza Wi-Fi kina masafa ya gigahezi 5, hamishia vifaa vyako huko uipishe Bluetooth.

Malalamiko ninayoyapata zaidi tangu watu waanze kufanyia vikao mtandaoni ni haya: muziki safi, lakini kikao kikianza sauti inakuwa kama ya redio ya mbao. Hedfoni hazijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti. Ya muziki ni pana, ila inakwenda upande mmoja, kutoka simu kwenda sikioni. Maikrofoni ikihitajika, kifaa huhamia njia ya simu, inayokwenda na kurudi, na njia hiyo ni nyembamba: sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde katika mtindo wa zamani, 16,000 katika ule bora, wakati muziki wa CD una 44,100. Kwenye kompyuta suluhisho ni jepesi. Ndani ya programu ya kikao chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, hedfoni zibaki kusikilizia tu, na njia pana itarudi. Mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth unapunguza tatizo hili, lakini lazima simu na hedfoni zote mbili ziwe nao. Na ikitokea simu imeungana ila muziki hausikiki kabisa huku mazungumzo yanasikika, gusa jina la hedfoni kwenye mipangilio. Kuna swichi ya simu na swichi ya muziki, na ya pili imezimwa.

Kuhusu chaji, liko jambo moja ambalo muuzaji halitaji. Kuna spika za masikioni za bei nafuu zenye tundu la USB-C zinazokataa kuchaji kwa waya wenye C pande zote mbili. Tundu la C linapaswa kuwa na vikinza viwili vidogo, vya kiloomu 5.1, vinavyoiambia chaja kwamba kuna kifaa kinachohitaji umeme. Mtengenezaji akiviacha ili kuokoa senti, chaja ya kisasa haioni kitu na haitoi umeme. Tumia waya wa zamani, wenye kichwa bapa cha USB upande wa chaja. Huo hutoa volti 5 bila kuuliza. Nimeona vikasha vizima vikiwekwa kwenye taka za elektroniki kwa ajili ya waya tu.

Betri ya kipande kimoja ina kama miliampia-saa 50, sehemu moja ya mia ya ile ya simu ya kawaida, hivyo huchakaa mapema, na joto huiua upesi zaidi. Usiache kikasha kwenye dashibodi ya gari. Ukisafiri miezi kadhaa, kiache kikiwa na nusu ya chaji. Betri ya lithiamu iliyokauka kabisa kwa muda mrefu huweza kukataa kuamka.

Kama unanunua hedfoni zilizokwisha kutumika, mwenyewe wa zamani awepo. Kwa AirPods ni lazima aziondoe kwenye akaunti yake mbele yako. Asipofanya hivyo zitabaki zinamwita yeye. Na ziwe mpya au kuukuu, sokoni Kariakoo au mtaa wa Luthuli, usikubali kujaribiwa wimbo mmoja kwenye simu ya muuzaji. Zioanishe na simu yako. Mpigie mtu wa nyumbani, umuulize anakusikiaje katikati ya makelele ya mtaa. Weka simu mfuko wa nyuma utembee nje hatua kumi. Kisha rudisha vipande kikashani, funga, hesabu mpaka ishirini, fungua uone kama kila kimoja kinaungana chenyewe bila kuguswa. Kisipoungana, mrudishie kabla hujatoa hela.