Jicho Moja Chini ya Maji

Katika filamu ya We Dive at Dawn, iliyotoka Uingereza mwaka 1943, vita vya nyambizi vinategemea jicho la mtu mmoja. Luteni Freddie Taylor, aliyeigizwa na John Mills, ndiye aliye kwenye periskopu. Wengine hawaoni kitu; wanategea masikio anachosema. Mwongozaji Anthony Asquith aling'amua kwamba hadithi iko hapo.

Nyambizi yao, Sea Tiger, imetumwa kuizamisha manowari ya Kijerumani Brandenburg. Vyombo vyote viwili ni vya kubuni, lakini kazi inayoonyeshwa ni ya kweli kabisa. Mirija ya topido haigeuki, hivyo anayetaka kulenga hana budi kukigeuza chombo kizima. Tena halengi meli yenyewe. Topido ya Kiingereza ya wakati ule ilikwenda kama kilomita 83 kwa saa, yaani karibu mita 1,400 kwa dakika. Manowari inayokimbia kilomita 46 kwa saa husogea zaidi ya mita 750 katika dakika hiyohiyo. Basi nahodha hulenga maji matupu, mahali ambapo meli bado haijafika. Akikosea kukadiria kasi au uelekeo wake, topido zote zimepotea.

Ndiyo maana Taylor anataja namba, wenzake wanapiga hesabu, na periskopu inashushwa upesi isije ikaonekana. Kila topido inayotoka huipunguzia nyambizi zaidi ya tani moja na nusu upande wa mbele. Maji yasipoingizwa haraka, pua itaibukia machoni pa adui. Asquith anatuonyesha kazi hii kwa subira, na subira hiyo ndiyo nguvu ya filamu. Mashaka hayaishi hata baada ya kufyatua: Sea Tiger inapiga mbizi bila kujua kama Brandenburg imekwenda chini.

Mapigano ya bandarini Denmark, yanayofuata, ni ya kawaida zaidi, ingawa mwigizaji Eric Portman anang'ara.

Picha za baharini zilipigwa kwa nyambizi halisi, P614 na P615, zilizojengwa Uingereza kwa ajili ya Uturuki lakini zikachukuliwa kwa sababu ya vita. Tarehe 18 Aprili 1943, P615 ilipigwa topido na nyambizi ya Kijerumani U-123 karibu na Freetown, Sierra Leone. Hakunusurika hata baharia mmoja. P614 ilivuka vita salama, hatimaye ikakabidhiwa Uturuki.