Meli Moja, Maadui Milioni: Rada Iko Huku Nyika

Ukicheki Star Trek Beyond, ile muvi ya 2016, kuna kipande base yote hunyamaza. Enterprise, meli kali ya angani, silaha ziko, Kapteni Kirk amekaa kwa kiti yake, halafu mbele kunatokea wingu. Wingu linasonga. Likifika karibu ndio unagundua ni vimeli vidogo, maelfu kwa maelfu, vyote vimeelekea upande mmoja. Kirk anaamuru vichapwe. Vinachapwa. Vichache vinalipuka na wingu halishtuki hata kidogo. Vinaingia kwa mwili wa meli vikitoboa, vinang'oa injini, vinakata shingo, na meli yenye ilikuwa inaogopwa huko kote angani inaangukia sayari ya wenyewe ikiwa vipande.

Hapa Taru hiyo stori haiishangi. Mbogi ikikaa stejini jioni, malori ya Mombasa yakipita na vumbi lake, lazima msee mmoja aseme Kirk alifaa kuongeza bunduki. Mwingine anataka ngao nzito. Mwingine anasema wangehepa tu mapema. Nimesikiza hizo hoja zote na naziheshimu, lakini naona tunatafuta mbali kitu iko hapa kwetu. Hii Nyika yetu, kutoka Samburu ya Kwale mpaka Mackinnon Road na kupanda Voi, iko karibu na watu wameshapigana na makundi ya ukweli. Wengine walishindwa. Wengine wameshinda, na walishinda bila kuongeza risasi.

Anza na nzige. Mwisho wa Disemba 2019 waliingia Kenya wakitoka Somalia, na nchi ilikuwa haijaona kitu ka hiyo kwa miaka 70. Kundi moja lilipimwa huko kaskazini mashariki, likapatikana na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Kufikia msimu uliofuata walikuwa wameshuka mpaka Taita-Taveta, majirani wetu hapa. Sasa cheki hesabu. Kilomita mraba moja ya nzige inaweza kubeba mpaka milioni 80, na hao kwa siku moja wanadishi chakula ya watu 35,000. Nzige mmoja ana gramu mbili hivi, na kila siku anadishi uzito wake mzima. Ukipewa bunduki ya kudungua mmoja kila sekunde, hulali, hudishi, huendi choo, hao milioni 80 utawamaliza baada ya miaka miwili na nusu. Wakati huo shamba lilishaisha siku ya kwanza. Hiyo ndio ngori Enterprise iliingia: ilikuwa inahesabu maadui mmoja mmoja, na adui hakuwa amekuja mmoja mmoja.

Watu mashambani walipiga sufuria, wakapuliza firimbi, wakawasha moto wa moshi. Nzige waliamka wakasonga kwa shamba la jirani. Siwalaumu, mathe akiona mahindi yake inaliwa mbele ya macho lazima afanye kitu. Lakini hiyo kelele ilihamisha tu shida.

Chenye kilifanya kazi ni kujua ratiba yao. Nzige huruka mchana, jua likishawapasha moto, na upepo ukiwa mzuri wanaweza kukata mpaka kilomita 150 kwa siku. Usiku wanalala kwa miti. Mangware bado wako na baridi, mabawa hayajakubali, wamejazana kwa tawi moja mpaka linainama. Ndio maana wasee wa kupuliza dawa walikuwa wanaamka kabla jogoo. Hilo dirisha la masaa machache ndilo lilikuwa na maana kuliko dawa yenyewe.

Na kuna dirisha kubwa zaidi, lile la tunutu. Nzige anataga mayai kwa mchanga wenye unyevu, baada ya wiki mbili hivi wanatoka watoto hawana mabawa. Hao ndio tunutu. Kwa wiki kadhaa wanaruka ruka tu chini, wanatembea kwa kikosi, na hapo hata kijana mwenye pampu mgongoni anaweza kuwafikia. Serikali ilituma vijana wa NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa, kufanya hiyo wera. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, nalo likatoa programu ya simu, eLocust3m, yenye mchungaji akiona tunutu anapiga picha na mahali panajituma penyewe. Fikiria hiyo: msee na mbuzi zake, simu ya kioo kimepasuka, na yeye ndiye macho ya nchi nzima.

Lakini hii vita ya nzige ilipotezwa mahali pengine kabisa kabla ifike Kenya. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga mvua kwa Rub' al-Khali, lile jangwa kubwa la Uarabuni lenye Oman, Yemen na Saudia zinakutana. Oktoba mwaka huo huo kikaja kimbunga Luban. Katikati ya mchanga kukawa na maziwa ya maji, mimea ikaota, nzige wakazaana kizazi baada ya kizazi na hakukuwa na mtu wa kuwaona. Walipopaa, mambo ilikuwa imekwisha. Kwa hivyo mimi nikiunda meli ya angani, doo ya kwanza haiendi kwa mizinga ya moto. Inaenda kwa vyombo vidogo vya kuchungulia, viende huko mbali kwenye hakuna mtu, vicheki nani anazaliana.

Kuna kitu ingine kuhusu nzige inanibamba sana. Nzige hazaliwi akiwa na kundi. Akiwa peke yake ni mdudu mpole, anajificha, anakwepa wenzake. Chakula kikiisha na wakasukumwa mahali pamoja, wanaanza kugusana miguu ya nyuma, na ndani ya masaa machache serotonini inapanda mwilini, tabia inageuka, sasa anatafuta wenzake. Wanasayansi wa Uingereza walitoa hiyo ripoti 2009. Rangi nayo inakuja kubadilika. Yaani jeshi ni hali, inaingia na inaweza kutoka. Na hali yoyote yenye inategemea kuguswa na kuonana ina mahali inaweza kukatwa.

Hapo ndipo inaingia stori yenye huwa naambia kila msee anapenda muvi. Claire Rind na Peter Simmons, wa Chuo Kikuu cha Newcastle, walimweka nzige mbele ya skrini wakamchezea vipande vya Star Wars. Ukweli kabisa. Walikuwa wanapima seli moja ya neva kwa kichwa chake, yenye huwaka kitu ikimjia uso kwa uso. Meli za muvi zikija mbio kwa skrini, hiyo seli inapiga kelele. 2005 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha, kwa hiyo kazi, na watu walicheka, lakini majibu ni mazito: hiyo seli inamsaidia nzige kuruka katikati ya mamilioni bila kugongana. Ukiidanganya hiyo seli, ukiipofusha, kundi linakuwa ajali ya barabarani angani.

Na muvi ya Kirk inafika hapo hapo. Spock, msaidizi wa Kirk, analinganisha vile vimeli na nyuki na kugundua kuna mawasiliano yanavipanga vyote kwa pamoja. Wanafufua meli kuukuu, Franklin, wanapanda nayo na kurusha muziki mzito kwa mawimbi ya VHF, redio ya kizamani kabisa yenye Krall, mkubwa wa hilo kundi, hakuitarajia. Mawasiliano yanavurugika. Vimeli vinapoteza taimingi, vinagongana, vinalipuana vyenyewe mstari kwa mstari. Enterprise ilikuwa na silaha kali kuliko Franklin na ikachapwa. Franklin ilikuwa na kelele moja, kwa mahali panapofaa. Tofauti ya hiyo kelele na sufuria za shambani ni kwamba hii iliingia ndani ya maongezi ya adui.

Sasa njoo kwa ndovu, juu kama kuna meli ya angani inatembea Kwale na Taita, ni yeye. Tani kadhaa, ngozi nene, kumbukumbu ya miaka mingi, hana mtu wa kumshika. Wasee wa Kinango wanamjua vizuri: mvua ikikatika upande wa Tsavo, anavuka, anaingia shamba usiku, asubuhi unapata mahindi na kunde zimelala. Watu wamepoteza maisha kwa hii mambo, na naiongelea kwa uzito huo. Huyu mnyama mzima anaogopa mdudu. Lucy King, mtafiti wa Save the Elephants, alicheza sauti ya nyuki kwa spika karibu na familia za ndovu zilizopumzika chini ya miti, huko Samburu ya kaskazini, sio hii yetu. Utafiti ulitoka 2007. Familia karibu zote zilihepa chini ya dakika moja na nusu.

Nyuki hawezi kupenya ile ngozi ya ubavu. Anaenda kwa macho, nyuma ya masikio, ndani ya mkonga. Na akidunga tu, anaacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, hiyo harufu inaita wengine, nao wanadunga hapo hapo. Ndovu anajibu aje? Hachapi nyuki mmoja mmoja. Anapanua masikio, anatikisa kichwa, anajimwagia vumbi, anapiga kona. Akiwa anaondoka anatoa mngurumo wa chini sana. Utafiti uliofuata, wa 2010, ulicheza huo mngurumo peke yake, nyuki hakuna, na ndovu wengine wakaondoka. Meli moja imeguswa, meli zote zimepata habari. Hiyo nidhamu Enterprise ilikosa: ilienda peke yake, na ikabaki pale ikipigana.

Ukitoka Taru ushike barabara ya Voi, upite Mackinnon Road, Buchuma na Maungu, kule mbele kuna Sagalla. Hapo wakulima wamegeuza huu woga kuwa ukuta. Ukisimama kwa shamba la huko unaona nguzo, kati ya nguzo mzinga umening'inia na waya, na waya huo unaenda mpaka mzinga unaofuata, mita kumi hivi mbele. Juu ya mzinga kuna kipaa kidogo cha kuzuia jua na mvua. Ndovu akija usiku akasukuma waya na kifua, mizinga inayumba, nyuki wanatoka wakiwa wamekasirika. Na kati ya mizinga ya ukweli kuna mingine feki, kipande cha plaiwudi tu kimening'inia. Ndovu aliyewahi kudungwa hasimami kuuliza huu ni upi. Bei inashuka, ukuta unabaki mrefu. Utafiti wa Lucy King na wenzake wa miaka tisa, uliotoka 2024, ulionyesha kwamba msimu wa mavuno hiyo fensi iligeuza mpaka asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Juu ya hiyo, mkulima anavuna asali, anauza, anapata chapaa. Nionyeshe silaha ingine ya ulinzi inakulipa.

Kwa hivyo meli yangu, nikiichora, iko hivi. Vyombo vya kuchungulia mbali, vya kupata adui akiwa bado tunutu. Masikio ya kusikiza maongezi ya kundi kwa kila wimbi, hata yale ya kizamani. Spika, si mizinga mikubwa, ya kuingia kwa hayo maongezi na kuyaharibu. Meli feki nyingi za bei rahisi zikiwa zimetapakaa, kati yao chache ziwe na sumu ya ukweli. Injini yenye inaweza kuondoka bila aibu, na redio ya kuambia wengine kabla uondoke. Kapteni asiwe mtu wa kupenda risasi sana. Nguvu ya kundi ni kuelewana, na kila kitu kwa hiyo meli kipo kwa sababu ya kuvunja huko kuelewana au kukaa mbali nako.

Lakini kuna kitu wasee wa Sagalla walijifunza kwa njia ngumu na sisi wa Taru tunakielewa zaidi ya wengi. Ukame wa 2017 ulifanya nyuki wahame. Mvua haikunyesha vizuri, maua hayakuchanua, mizinga ikabaki mitupu, na ilichukua miaka kurudi ilivyokuwa. Huku kwetu kuna zile ngurunga, mashimo ya mwambani yanayoshika maji ya mvua, misafara ya zamani ilikuwa inapigia hesabu safari nzima kwa hayo maji kabla ya reli. Nyuki naye anapiga hesabu hiyo hiyo. Anataka maji karibu, na anataka migunga yenye maua.

Na migunga ndiyo tunachoma makaa. Najua vile doo ni ngumu, najua gunia moja la makaa linalipa karo. Siwezi kusimama hapa nikaambia baba wa watoto aache. Ninachosema ni kwamba msee akitaka kuweka mizinga kwa shamba lake hapa Taru, mambo ya waya na nguzo ni rahisi, fundi yeyote wa stejini atamaliza kwa siku. Ngumu ni kukaa chini na majirani wa pande zote, wazee wakiwepo, mkubaliane ni migunga gani itabaki imesimama na nani atachimba kijidimbwi cha maji ya nyuki kabla vuli ianze.