UFAHAMU MSITU WA JOZANI: ARDHI YAKE, WANYAMA WAKE NA HISTORIA YAKE

Msafiri atokaye Mjini kwenda Paje, Jambiani au Makunduchi hupita Jozani, kiasi cha kilomita 35 kusini mashariki ya Mji Mkongwe. Barabara humpitisha kwenye vichaka vya maweni, kisha ghafla humwingiza katika kivuli cha miti mirefu, na baada ya muda mfupi humrejesha kwenye jua. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi bila ya kujiuliza kwa nini msitu mkubwa kama huu umesimama juu ya kisiwa cha mawe. Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla asili ya msitu huo, viumbe waliomo, na sababu za kuhifadhiwa kwake; na pia kueleza ni nani anayebeba gharama za hifadhi hiyo.

Ardhi ya mawe na maji

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni maweni, yaani mwamba uliotokana na matumbawe ya kale, ambao uliachwa nchi kavu bahari ilipoteremka. Udongo wake ni mchache, nao hujikusanya katika mashimo na nyufa za mwamba. Mvua inaponyesha, maji hayakai juu, bali huzama chini mara moja. Kwa hiyo miti ya maweni huwa mifupi na migumu, na hukua polepole. Mahali palipofyekwa na kuchomwa moto huchukua miaka mingi kurudia hali yake, na pengine pasirudie kabisa.

Jozani ni bonde dogo ndani ya mwamba huo. Liko kwenye shingo nyembamba ya ardhi, baina ya Ghuba ya Chwaka kwa upande wa kaskazini na mkono wa bahari unaoelekea Uzi kwa upande wa kusini. Katika bonde hilo udongo umepata pa kukusanyika, na maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na mizizi. Wakati wa Masika maji hutuama na baadhi ya njia hazipitiki kwa miguu mikavu. Ni maji hayo yanayoistawisha mitondoo, michikichi na miti mingine mirefu ya Jozani. Ukitoka bondeni hatua chache tu, mwamba hurejea na miti mirefu hukoma. Ukiendelea kuelekea Chwaka utafika kwenye mikoko, ambayo mizizi yake ni kimbilio na malezi ya samaki wachanga, kaa na kamba. Wavuvi wa Ghuba hiyo hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani ndilo wanalolitegemea kila siku.

Hivyo hifadhi moja yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50 imekusanya msitu wa bondeni, vichaka vya maweni, mikoko na ghuba. Kila kimoja kinamtegemea mwenzake kwa maji, na maji hayo hayatambui mipaka ya shehia wala alama za hifadhi.

Wanyama waliobakia kisiwani

Unguja haikuwa kisiwa tokea mwanzo. Zamani iliungana na bara, na ilitengwa pale bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao leo hakuna mtu wa Unguja anayewahesabu kuwa ni wa kwao. Wanyama hao wakubwa walitoweka. Waliosalia waliishi peke yao, mbali na wenzao wa bara, na baadhi yao wakawa na maumbile yao wenyewe.

Mashuhuri kati yao ni kima punju. Mnyama huyu ana mgongo mwekundu, kifua cheupe na nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso wake, na mikono yake haina kidole gumba cha kutumika. Wataalamu wa nje humwita kwa jina la Sir John Kirk, aliyekuwa daktari na baadaye Balozi wa Uingereza hapa Unguja katika karne ya 19. Asili ya punju ni Unguja, na hapatikani kwa asili pahala pengine popote duniani. Jina lake la Kiswahili lina maana ya sumu, kwani wapo wazee walioamini kuwa mti alioukalia hunyauka.

Chakula chake ni majani, khasa machanga, pamoja na maua na matunda mabichi. Makundi yanayoishi karibu na mashamba hupenda majani ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali zinazodhuru tumbo. Watafiti waliochunguza jambo hili katika miaka ya 1990 waligundua kwamba punju hao hula makaa ya mti yaliyobaki katika matanuri na kwenye visiki vilivyoungua, na kwamba makaa hayo hunyonya sumu ya majani.

Hesabu ya kisiwa kizima iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kuwa punju ni zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa kabla. Hata hivyo, waliofanya hesabu hiyo walionya kuwa watoto wachache tu ndio wanaofikia utu uzima. Wingi wa leo, kwa hiyo, si dhamana ya kesho.

Yupo pia paa nunga, mwenye rangi ya kahawia nyekundu na mkanda mweupe nyuma ya mapaja. Mbali na Zanzibar, anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Ni mwoga na haonekani kwa urahisi. Mara nyingi hufuata chini ya makundi ya kima ili ale majani na matunda wanayoyaangusha.

Wa tatu ni yule ambaye huenda hatumwoni tena. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko chui wa bara na madoa yake yalikuwa ya karibu karibu. Vijijini iliaminika kuwa baadhi ya chui wanafugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni ya kupambana na uchawi ambapo chui wengi waliuawa. Ushahidi wa mwisho ulio thabiti ni wa miaka ya 1980. Mwaka 2018 watengenezaji wa filamu wa televisheni walipata picha ya mnyama waliyemdai kuwa ni chui, lakini hapajapatikana uthibitisho. Kinachojulikana kwa yakini ni ngozi na mafuvu machache yaliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Mnyama wa kisiwa akishatoweka hana pahala pa kurudishwa kutoka.

Historia ya msitu

Msitu wa Jozani haukuwa mali ya Serikali tokea zamani. Ulikuwa mikononi mwa watu binafsi, na katika miaka ya 1930 na 1940 miti yake ilipasuliwa mbao kwa msumeno wa mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali iliununua, na Idara ya Misitu ikapanda mitondoo kujaza mapengo. Mwaka 1960 ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Mradi wa kuhifadhi eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka ulianza mwaka 1995, kwa ushirikiano wa Serikali na shirika la CARE. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria Namba 10 ya 1996 kuhusu usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu, sheria iliyovipa vijiji nafasi ya kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao wenyewe. Mwaka 2004 eneo hilo lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza Zanzibar, na mwaka 2016 UNESCO ililiingiza katika orodha ya hifadhi za viumbe hai na binadamu.

Gharama ya hifadhi na wanaoibeba

Ingekuwa si haki kuishia hapo. Kwa vijiji vya Pete, Kitogani, Ukongoroni, Charawe, Cheju, Chwaka na jirani zao, msitu ulikuwa ghala: kuni, makaa, boriti, dawa, na kuni za kuchomea chokaa. Mji Mkongwe wenyewe umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa kuni za kisiwa hiki, na boriti za mikoko. Mjini walipata nyumba. Vijiji vilibaki na msitu uliopungua, kisha vikaambiwa visiukate.

Aidha, punju haijui mipaka ya hifadhi. Huingia mashambani na kula mazao ya watu. Malalamiko makubwa yalikuwa juu ya nazi, na jambo hilo lilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Matokeo yake yaliwashangaza wengi: minazi ambayo punju walikula vidaka vyake kwa wingi haikuonekana kupunguza mavuno, bali mavuno yake ya mwisho yalikuwa makubwa zaidi, kana kwamba mnazi umepunguziwa mzigo. Lakini matokeo hayo ni ya nazi tu. Mkulima aliyepoteza mazao mengine amepata hasara ya kweli, na haifai kumjibu kwa habari za minazi.

Kwa sababu hiyo, tokea miaka ya 1990 uliwekwa utaratibu wa kurejesha sehemu ya mapato ya viingilio vya wageni kwa vijiji na kwa wakulima ambao kima hula katika mashamba yao. Utaratibu huo ndio nguzo ya hifadhi. Mwanakijiji anayeona faida ya punju aliye hai atakuwa mlinzi wake wa kwanza. Asiyeiona hatalindiwa msitu na askari peke yake. Watumishi wanaohusika wanakumbushwa kuwa kuchelewesha au kuficha hesabu za fedha hizo ni kuukata msitu bila ya shoka.

Wajibu wa kila mmoja

Madereva wanaombwa kupunguza mwendo wanapoingia Jozani. Kabla ya kujengwa matuta, magari yaliua punju mara kwa mara. Matuta yalipunguza vifo hivyo lakini hayakuvimaliza. Wageni na wenyeji wasiwalishe kima wala kuwagusa, kwani maradhi huweza kuvuka kutoka kwa binadamu kwenda kwa mnyama, na kutoka kwa mnyama kuja kwa binadamu. Uwindaji wa paa nunga na punju umekatazwa na sheria. Anayehitaji kukata miti nje ya hifadhi aanze kwa sheha wake na kamati ya kijiji ili aelekezwe namna ya kupata kibali. Walimu wa skuli wanashauriwa kuwapeleka wanafunzi Jozani, ili mtoto wa Unguja amjue punju kabla ya mgeni aliyesafiri mbali kuja kumtazama.

Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Juu ya mwamba wa maweni udongo wa Jozani ulijikusanya hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa muda mrefu kuliko umri wa mji wowote wa kisiwa hiki. Tuutunze.