Kabla ya tuisheni nyingine, itazame karatasi ya mtoto

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Septemba, na katika nyumba nyingi zenye mtoto wa darasa la saba mitihani ya majaribio imerundikana mezani. Mtoto anafanya karatasi baada ya karatasi, alama za Hisabati ni zilezile. Mzazi anaongeza tuisheni.

Mzazi, tazama kwanza anakosea wapi. Aliyeandika kuwa 1/2 + 1/3 ni 2/5 hakuteleza kalamu. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kwa sababu sehemu kwake ni namba mbili tu zilizopangwa. Kata chapati vipande 6 vilivyo sawa. Nusu ni vipande 3, theluthi ni 2, pamoja 5/6. Kisha mwachie aile.

Mwingine anaiimba MAGAZIJUTO yote, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, lakini 7 mara 8 inamtoa jasho, na hapo ndipo hesabu nzima inapoharibika.

Jasho hilo lisipuuzwe. Hofu huchukua nafasi ileile ya akili anayoihitaji kushika namba anapokokotoa, ndiyo maana anayefokewa husahau hata alichokijua jana. Usingizi nao una sehemu yake: wataalamu hushauri saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Tuisheni ya alfajiri na ya usiku hazimwachii hizo.

Akimaliza swali, muulize tu, "Umepataje?" Msikilize mpaka mwisho, hata kama jibu si sahihi.