Usawa wa Bahari: Ushahidi wa Matumbawe na Makadirio ya Karne Hii

Unguja haikuwa kisiwa siku zote. Katika kilele cha enzi ya barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, usawa wa bahari, yaani kimo cha wastani cha uso wa maji bila kuhesabu mawimbi wala kujaa na kupwa, ulikuwa chini ya ule wa leo kwa takriban mita 120, kwa kuwa maji mengi yalikuwa yameganda juu ya nchi kavu, hasa Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Mkondo wenye kina kifupi unaotenganisha Unguja na bara ulikuwa ardhi kavu, na mifupa ya punda milia iliyofukuliwa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, inathibitisha kwamba wanyama wa mbugani waliishi huko. Pemba ilibaki kisiwa, kwani mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa mabadiliko hayo umehifadhiwa na matumbawe. Zipo aina zinazohitaji mwanga mwingi na ambazo hustawi katika mita chache tu chini ya uso wa maji, kwa hiyo tumbawe la aina hiyo likikutwa limekufa kwenye kina cha mita mia moja, linaonyesha bahari ilikuwa wapi lilipokuwa hai. Umri wake hupatikana kwa kupima madini ya urani, ambayo tumbawe huyafyonza kutoka majini na ambayo polepole hugeuka kuwa thori kwa kasi inayojulikana, hivyo kadiri thori inavyozidi ndivyo tumbawe lilivyo la kale. Kwa njia hii, matumbawe yaliyochimbwa chini ya bahari karibu na Barbados, na baadaye Tahiti, yalionyesha jambo zito: bahari haikupanda kwa mwendo mmoja, bali miaka 14,500 hivi iliyopita ilipanda zaidi ya mita 10 katika muda wa karne chache. Aidha, miaka 125,000 iliyopita, joto la dunia lilipozidi kidogo tu lile la kabla ya enzi ya viwanda, bahari ilifika kati ya mita 5 na 10 juu ya usawa wa sasa.

Kwa nyakati za karibu, watafiti hutegemea vipimo vilivyofungwa bandarini na, tangu miaka ya 1990, satelaiti zinazopima kimo cha maji kwa mawimbi ya rada. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi yake imeongezeka kutoka milimita 1.3 kwa mwaka katika miongo ya mwanzo hadi milimita 3.7 kati ya 2006 na 2018, kutokana na maji kutanuka yanapopata joto na barafu ya nchi kavu kuyeyuka. Barafu inayoelea haiongezi kina kwa kiasi cha maana, kwa sababu tayari imebebwa na maji.

Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilikadiria mwaka 2021 kwamba kufikia 2100 ongezeko litakuwa kati ya sentimita 28 na 55 iwapo gesijoto zitapunguzwa kwa haraka sana, au kati ya sentimita 63 na 101 zikiendelea kuongezeka sana. Tofauti hiyo ni maamuzi ya binadamu. Kinachobaki kuwa kitendawili ni barafu ya Antaktika, ambayo sehemu yake ya magharibi imekaa juu ya mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, hivyo maji ya uvuguvugu yanaweza kuila kwa chini na kuiporomosha kwa kasi ambayo mifano ya kompyuta bado haikubaliani juu yake.

Bahari, hata hivyo, haipandi sawasawa kila mahali, na vipimo vya muda mrefu katika mwambao wa Afrika Mashariki ni vichache, vile vya Unguja na Mombasa vikiwa vimeanza miaka ya 1980. Serikali za mwambao zinapaswa kuvitunza na kuviongeza, kwani mwaka usiopimwa leo hauwezi kupimwa tena kesho.