Binti wa Tawa anataka kuruka viunzi na farasi

Tawa hakuna farasi. Mji ule mdogo wa Mbooni, Kaunti ya Makueni, una punda, na punda ndiye lori na ndiye bomba la maji. Kwa hivyo mpwa wangu wa miaka 13 alipotangaza kuwa anataka kuruka viunzi na farasi, kama alivyoona kwenye simu wakati wa Olimpiki ya Paris ya 2024, nyumbani walicheka. Dada yangu hakucheka. Alinipigia simu hapa Mombasa akaniuliza kama amwache binti aote ndoto hiyo au aizime mapema. Nimeuliza huku na huku, na jibu langu ni hili.

Kwanza mchezo wenyewe. Fito hulazwa juu ya vishikizo vyenye kina kidogo, kiasi kwamba kwato ikizigonga zinaanguka. Fito za kiunzi zikianguka ni alama 4 za makosa. Farasi akikataa kuruka, 4 nyingine. Akikataa mara ya pili, wote wawili nje. Mpandaji akianguka, nje pia. Katika mashindano makubwa viunzi hufika mita 1.60, yaani karibu kimo cha mama yake.

Lakini kuruka ni sehemu fupi tu. Kabla ya kupanda, mshindani huingia uwanjani kwa miguu akahesabu. Hatua moja ya farasi anayekimbia kwa mwendo wa wastani ni kama mita 3.6, sawa na hatua nne ndefu za mtu. Akikosea hesabu kati ya kiunzi na kiunzi, farasi anafika akiwa karibu mno au mbali mno, na hapo hata farasi hodari huangusha. Mpwa wangu anapenda hesabu. Hilo lilinipa moyo kuliko kitu kingine.

Je, punda anamsaidia? Wasomaji wa Lamu wanajua jibu. Vijana wanaoshindana kwa punda wakati wa Maulidi, wengi bila tandiko, hukaa kwa nguvu za mapaja na usawa wa mwili, na huo ndio msingi wa kupanda farasi. Kitakachobidi kusahauliwa ni fimbo. Farasi wa kuruka huongozwa kwa miguu, uzito wa mwili na hatamu iliyoshikwa kwa mkono mwepesi.

Sasa gharama. Farasi mmoja hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku. Punda wa Tawa akibeba mitungi minne ya lita 20, nusu ya safari yake ingekwenda kwa farasi, katika nchi kavu ambako watu wenyewe wanapimiana maji. Ongeza nyasi kavu kilo kumi hivi kila siku na fundi wa kwato kila baada ya wiki kadhaa. Kumfuga nyumbani ni kujidanganya.

Kuna pia ugonjwa. Tauni ya farasi ya Afrika huenezwa na usubi, na huweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga. Pundamilia huibeba bila kuugua, na punda wa kwetu hufa kwa nadra. Mwaka 1987 ugonjwa huo uliingia Hispania kupitia pundamilia waliotoka Namibia. Kwa hivyo kumsafirisha farasi kutoka huku hadi Ulaya ni shida kubwa, na mpandaji wetu akienda nje mara nyingi hupanda farasi wa kuazima. Si sisi tu: mwaka 1956 Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini michezo ya farasi ikafanyiwa Stockholm kwa sababu ya karantini ya Australia. Hapo hapo Stockholm wanawake waliruhusiwa kuruka kwa mara ya kwanza, na Pat Smythe wa Uingereza akapata shaba pamoja na timu yake. Tangu hapo wanawake na wanaume hushindana pamoja. (Hii ni kwa yule mjomba mwenzangu aliyesema mchezo huu si wa wasichana.)

Mlango uliobaki ni Nairobi. Huko Karen na Langata kuna shule zinazofundisha kwa saa, kwa farasi wao, na uwanja wa Jamhuri Park ndiko mashindano mengi hufanyika. Banda moja nililolipigia simu liliniuliza kwanza kama tuna farasi wetu. Nikasema hatuna, mazungumzo yakapoa. La pili lilitaja bei ya somo, na ninaweza kulipia masomo machache katika likizo ya Agosti.

Njia nyingine ni ya saisi, mtunza farasi, ambayo imewatoa wanajoki kadhaa wa Ngong. Lakini hiyo ni ajira ya mtu mzima. Nimemwambia dada yangu asimruhusu yeyote amwachishe binti shule kwa ahadi ya kumfundisha bure huku akizoa samadi.

Kwa sasa anahitaji helmeti ya kupandia farasi, si ya bodaboda, na viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye ukanaswa kwenye kikuku. Helmeti nimeshaanza kuitafuta.