Bibo Halisubiri Mnada

Mwezi wa kumi ukiingia, ardhi ya Chiungutwa, wilayani Masasi kusini mwa Tanzania, huwa imekauka mpaka inapasuka. Mvua za mwisho zilinyesha Aprili au Mei, na mpya hazitarajiwi kabla ya Novemba kuisha au Desemba kuanza. Vumbi limepanda mpaka kwenye mapaa. Katika ukavu huo ndipo mikorosho inapozaa tunda lililojaa maji: bibo, jekundu au la njano, lenye korosho iliyong'ang'ania kitakoni. Likiiva huanguka lenyewe. Likishaanguka lina siku moja, likibahatika mbili, kabla halijaanza kuchacha.

Korosho yenyewe haina haraka. Huanikwa, hutiwa kwenye gunia, hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, hupimwa, huandikwa na kungoja ghalani mpaka siku ya mnada. Tangu 2007, ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, msimu mzima wa Masasi, Newala na Tandahimba kwa kawaida huendeshwa kwa ratiba ya minada, na bei ikitangazwa hufika vijijini upesi. Bibo halimo katika hesabu hizo, ingawa lina uzito wa mara tano mpaka kumi ya korosho yake. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho; kwa hesabu ya chini kabisa, mabibo yaliyoanguka msimu huo yalizidi tani milioni moja na nusu. Mengi yaliozea chini ya miti. Yaliyookolewa, yaliokolewa na akina mama na watoto, kwa maarifa ambayo hayapo kwenye daftari la chama chochote.

Maarifa hayo yana mizizi katika shida ya maji. Uwanda wa Makonde umeinuka hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayonyesha huko huzama katika udongo wake wa kichanga, ikaenda kutokea mbali, chini ya miteremko. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta wanawake wa Newala wakishuka genge kufuata maji na kupanda nayo tena kichwani. Baadaye palikuja mabomba, na leo mradi wa maji wa Makonde husukuma maji kutoka Mitema, bondeni karibu na Kitangari, hadi juu uwandani. Hata hivyo, bado kuna kaya ambazo maji ya kiangazi kwao huhesabiwa kwa ndoo.

Anayehesabu ndoo hawezi kupika kama mtu aliyezungukwa na visima. Ndiyo maana jiko la uwanda huu limejengwa juu ya jua. Muhogo humenywa na kuanikwa ukawa makopa. Mbaazi, kunde na choroko hukaukia juani kabla ya kupigwa. Bibo nalo, kwa asili, limefuata njia hiyohiyo.

Kazi huanza alfajiri, kabla jua halijawa kali na nzi hawajaamka. Chini ya mti pamekwisha kufyekwa na kufagiliwa tangu miezi ya katikati ya mwaka, ili korosho ionekane ikianguka. Mwokotaji huinama, hushika bibo kwa mkono mmoja na korosho kwa mwingine, husokota mara moja, korosho ikaingia kapuni na bibo likatupwa kwenye lundo lake. Mtoto anayepita akiwa na kiu hujua adabu ya kuomba.

"Shikamoo, bibi. Naomba bibo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kula, korosho tia humu."

Ndiyo mipaka ya mali ilivyo chini ya mkorosho. Korosho ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana ada za shule na bati la nyumba, vyote vikisubiri malipo ya mnada. Bibo ni la mwenye kiu na la mwenye nguvu ya kulishughulikia. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa jadi huhesabu ukoo upande wa mama, si ajabu kwamba jambo la chakula cha akiba limekaa mikononi mwa bibi na mabinti zake. Fedha ya korosho hufika mara moja kwa mwaka, tena mara nyingi kwa jina la baba. Kinachotokana na bibo huingia kidogo kidogo, kwa jina la aliyelikamua.

Namna ya kwanza ya kuliokoa ni kulianika. Mabibo hupasuliwa au kukamuliwa, yakatandazwa juu ya jamvi au kichanja, yakageuzwa kila siku mpaka yawe makavu na ya kahawia, yenye harufu ya utamu uliokolea. Hayo ndiyo kochoko. Hutiwa kwenye magunia na kukaa miezi mingi, yakisubiri kulowekwa. Namna ya pili ni uraka: juisi ya mabibo inayoachwa ichache yenyewe, bila hamira na bila tone la maji ya kuongeza, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya bibo ni maji. Katika miezi ambayo ndoo ina thamani kubwa kuliko wakati wowote, mti umeleta maji yake. Uraka wa leo asubuhi ni mtamu, wa jioni unauma ulimi, wa kesho kutwa unalevya.

Kutoka hapo njia huelekea kwenye nipa, pombe kali inayotoneshwa kwa moto kutokana na mabibo au kochoko. Sheria ya nchi inakataza kupika pombe hiyo bila leseni, na kila msimu mapipa humwagwa na watu hukamatwa. Ni kweli kwamba nipa imesomesha watoto. Ni kweli pia kwamba imevunja nyumba. Akina mama wanaoipika wanayajua yote mawili, na hilo ndilo linaloipa uzito kila njia nyingine ya kulitumia bibo bila kuliweka kwenye chupa ya kulewesha.

Njia mojawapo iko kwenye chungu cha chatne.

Achari na chatne si vitu vigeni kusini. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na maduka Lindi, Mikindani na Masasi tangu enzi za wakoloni, na kwa miongo mingi korosho ghafi ya Tanganyika ilipakiwa melini kwenda India kubanguliwa huko. Pamoja na chumvi, kaniki na mafuta ya taa, vikaingia vionjo. Vilikuta mahali palipotayarishwa, kwa sababu mlo wa kila siku wa uwandani unahitaji kitu kikali cha kuuamsha: ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, mbaazi, samaki mkavu aliyepanda kutoka pwani. Embe bichi lilikwisha kuwa tayari kufanya kazi hiyo. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto hulikata vipande, wakachovya kwenye chumvi na pilipili. Mama hulikatakata, akalianika juani na chumvi, akaliweka kwa ajili ya mchuzi wa samaki. Kutoka hapo mpaka achari ya embe, yenye vitunguu saumu, tangawizi na ndimu, ni hatua fupi.

Kwa bibo hatua ni ndefu zaidi, kwa sababu ya ukakasi. Bibo bichi hukaba koo na kuacha ulimi mkavu, na tone lake likidondoka kwenye khanga nyeupe, doa halitoki tena. Kinachofanya hivyo ni tanini, na mpishi wa chatne lazima aishinde kwanza. Huchagua mabibo yaliyoiva yasiyochubuka, yaliyookotwa asubuhi hiyohiyo. Huyaosha, huyakata ncha zote mbili, huyachemsha dakika chache katika maji ya chumvi, huyachuja na kuyakamua kwa kiganja. Maji yanayotoka yana rangi ya chai hafifu; ndiyo sehemu kubwa ya ukakasi ikiondoka. Nyama iliyobaki ina nyuzinyuzi, kwa hiyo hukatwa vipande vidogo au kutwangwa kidogo kinuni, isije ikawa kama kamba mdomoni.

Kisha sufuria juu ya mkaa: mabibo, sukari, siki au maji ya ukwaju uliolowekwa, tangawizi iliyopondwa, vitunguu maji na saumu, pilipili kichaa, kijiti cha mdalasini, chumvi. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Moto huwa wa chini, mwiko hauachi kuzunguka, maana sukari ikishika chini ladha ya kuungua hutawala chungu kizima. Rangi hutoka njano, ikaenda dhahabu, ikaishia kahawia nyekundu. Mpishi huburuta mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi kitambo kabla ya kujifunga, chatne imeiva. Hutiwa ikiwa ya moto katika chupa zilizochemshwa, zikafungwa papo hapo. Uchachu, sukari na chumvi vinafanya kazi ya kuzuia uozo, na vitamini C, ambayo katika bibo bichi ni mara kadhaa ya ile ya chungwa, hupungua motoni bila kwisha yote.

Anayetaka juisi isiyokaba koo ana msaada karibu zaidi. Wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi, ukikorogwa ndani ya juisi ya bibo, hushikana na tanini na kuzama nayo chini. Juu hubaki juisi safi, ya njano, ya kunywa bila kukunja uso. Huko India wanga huo hutumika kwa kazi hiyohiyo. Uwandani, muhogo upo nyuma ya kila nyumba.

Mataifa mengine yamekwisha kulipa bibo heshima yake. Brazil, nyumbani kwa mkorosho, ambako Wareno waliutoa katika karne ya 16 na kuuleta Afrika Mashariki, ina kinywaji chake kisicho na kileo, cajuína ya jimbo la Piauí, kilichotambuliwa rasmi kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2014. Goa, nchini India, ilipata mwaka 2009 ulinzi wa jina la feni, pombe yake ya mabibo. Mtwara nayo ina kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho wataalamu wake, mbali na kazi yao ya mbegu bora na magonjwa ya mikorosho, wamefundisha vikundi kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo.

Kinachokwamisha chatne ya nyumbani isivuke kizingiti cha nyumba ni vitu vinavyoshikika. Chupa za kioo zenye vifuniko vinavyobana ni ghali na hutoka mbali. Sukari lazima inunuliwe Oktoba, wakati ambapo fedha ya mnada bado haijafika mkononi. Maji ya kuosha na kuchemshia yanataka bomba la uhakika. Anayetaka kuuza madukani Mtwara au Dar es Salaam anahitaji alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), pamoja na sehemu ya kupikia inayokidhi vipimo vyake.

Anayevuka vikwazo hivyo ana faida ambayo korosho haiwezi kumpa. Malipo ya mnada huisha mapema, na miezi migumu kwa kaya nyingi ni Februari na Machi, palizi ikiwa imepamba moto, ghala ni tupu na mahindi mapya bado yako shambani. Wakati huo mkorosho una majani tu. Mama aliyefunga chupa zake Novemba huwa bado ana kitu cha kupeleka sokoni.